Utendi wa Mwindo: Fanani, Mwandishi na Hadhira

Utangulizi

Husemwa mara kwa mara kwamba maandishi yameziokoa hadithi za wazee wetu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Katika makala haya tutachunguza mfano mmoja, yaani utendi wa Mwindo wa Wanyanga, ili tuone ni nini kilichoingia kitabuni na ni nini kilichobaki kijijini.

1. Siku 12 za mwaka 1956

Wanyanga ni wakazi wa misitu ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956, nchi ikiwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimwomba fanani Candi Rureke asimulie utendi huo wote. Rureke alisimulia, akaimba na kucheza kwa muda wa siku 12, huku waandishi wakiyafuata maneno yake kwa kalamu. Kabla ya hapo hakuwahi kuutoa mzima kwa mfululizo wa siku namna hiyo, kwani kwa desturi fanani huchagua kipande kimoja tu kulingana na nafasi aliyopewa.

Kisa chenyewe chajulikana. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wasizae ila wasichana. Mwindo akazaliwa, akatembea na kusema siku iyo hiyo. Baba yake alijaribu kumwua, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akafika kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na nguvu, akamfuata baba yake hata kuzimu. Mwishowe hakumwua, bali walipatana na kugawana utawala. Baadaye Mwindo aliua zimwi lililokuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akampandisha mbinguni, akamtesa kwa baridi na mvua, akamkataza kuua wanyama. Ndipo shujaa mwenye majivuno alipojifunza kuwa mtemi.

2. Kitabu na yaliyobaki nje yake

Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliye Mnyanga mwenyewe, walichapisha matini ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo, mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine matatu ya Mwindo, yanayotofautiana na lile la Rureke. Hivyo basi hakuna Mwindo mmoja aliye asili ya wengine wote. Kosa letu katika madarasa ni kulichukua simulizi la mtu mmoja, katika siku 12 za maisha yake, na kuliita utendi wenyewe.

Tena kuna hadhira. Fanani hushika usinga uitwao conga, kama Mwindo mwenyewe. Wapigaji hugonga fimbo juu ya ukuni mkavu. Wasikilizaji huitikia wimbo na kumtuza. Kitabuni haya hubaki katika dibaji na maelezo. Lakini jambo moja lilipenya: ndani ya nyimbo zake Rureke anamwita mwandishi na kumhimiza asonge mbele. Yule aliyedhani yuko nje ya utendi akiuandika alikuwa amekwisha kufanywa sehemu ya hadhira. Fanani hakukubali kuimba mbele ya kalamu tupu.

Hitimisho

Tangu mwaka 1993 vita vimezisumbua sana Walikale na Masisi, na watu wengi wamehama vijiji vyao. Ukuni waweza kupatikana popote. Waitikiaji hawapatikani kwa urahisi. Hatari kubwa, basi, si kwamba maneno ya Mwindo yatapotea, maana yamekwisha kupigwa chapa, bali kwamba atakosekana wa kuyaitikia.

Mwanafunzi anayekwenda leo kukusanya masimulizi na asiridhike na maneno ya fanani peke yake. Aandike pia ni nani waliohudhuria, waliitikia wapi, walicheka wapi, na kwa nini fanani alikichagua kipande kile siku ile. Vilevile tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa kwa uangalifu kutoka Kinyanga, ingewafaa vijana waliokulia Goma na Bukavu ambao lugha ya babu zao imewaponyoka. Haitachukua nafasi ya uwanja wa kijiji, lakini yaweza kuwarudisha kwenye duara la wasikilizaji.