Gharama ya Mzigo: Ziwa Nyasa na Wapagazi wa Vita vya 1914–1918

Bwana wetu alitoa mfano wa mfalme apimaye nguvu zake kabla ya kumkabili adui (Luka 14:31-32). Katika makala hii twataka kuuliza: wakuu wa majeshi waliopigana kaskazini mwa Ziwa Nyasa walihesabu gharama gani, na ipi hawakuihesabu?

Njia ya kwanza waliyoitazama ilikuwa maji. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 580, na meli moja iliweza kubeba shehena ambayo ingehitaji mamia ya watu. Ndiyo maana Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliiharibu meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, huko Liuli. Tangu hapo aliyelitawala ziwa alikuwa mmoja. Mwaka 1916, Jenerali Northey alipovuka mpaka wa Songwe na kuitwaa Tukuyu, vyakula na risasi vilimfikia kwa meli kutoka kusini hadi pwani yetu ya kaskazini.

Lakini maji yana mwisho. Kutoka tambarare ya Kyela, isiyofika mita 500 juu ya bahari, njia hupanda milima hadi Tukuyu, zaidi ya mita 1,400, kisha huendelea Njombe na Iringa. Magari mepesi yalitumika palipokuwa na barabara, lakini anayezijua mvua za Kyela anajua pia matope yake. Ng'ombe wa kukokota waliuawa na mbung'o katika nyika za mbali. Ikabaki njia ya tatu: kichwa cha mwanadamu.

Na tuifanye hesabu hiyo. Mpagazi alibeba kilo zipatazo 25, naye alihitaji kama kilo moja ya nafaka kwa siku. Kutoka ufuko wa ziwa hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Akitembea kilomita 20 kwa siku, atatumia siku 15 kwenda na siku 15 kurudi. Atakuwa amehitaji kilo 30. Mzigo wote hautoshi hata kumlisha yeye mwenyewe! Basi jeshi lilifikaje Iringa mwezi Agosti 1916? Lilifika kwa kuongeza wapagazi wa kuwabebea wapagazi chakula, kwa kuchukua mazao ya vijiji vya njiani, na kwa kupunguza posho ya mbebaji. Upungufu uliokuwamo katika hesabu ulilipwa na mwili wake.

Wajerumani nao hawakufanya tofauti. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilikokota wanaume na wanawake kwa miaka minne. Kwa upande wa Waingereza, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa rasmi katika Afrika Mashariki vilizidi 40,000, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba vilikaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa.

Sharika zetu zilikuwamo ndani ya msiba huo. Wamisionari wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, waliondolewa mwaka 1916 wakafungwa kama raia wa nchi adui. Huko Ikombe na Manow kazi ya Injili ilibaki mikononi mwa walimu Waafrika, katika vijiji vilivyotwaliwa wanaume na chakula. Mara nyingi historia ya kanisa letu husimulia kuondoka kwa wamisionari na kunyamaza juu ya wapagazi.

Kunyamaza huko si kwetu peke yetu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Yatupasa sisi wachungaji kujifunza nini? Kosa la wakuu wale halikuwa kutojua hesabu, maana walizijua vizuri. Walimwandika mtu katika safu ya vyombo, pamoja na meli na gari, na chombo hakiandikiwi jina. Wajukuu na vitukuu vya wapagazi hao wangali katika sharika zetu. Mwanafunzi atakayekwenda mazoezi ya usharika na aketi na wazee, aulize ni nani katika ukoo alitwaliwa asirudi, na kuliandika jina hilo. Hiyo nayo ni huduma kwa wafu, na ni onyo kwa walio hai.