Kibanja na Imani: Misingi ya Amani ya Wakristo na Waislamu Bukoba

Ukristo haukuingia Buhaya, nchi ya Wahaya inayozunguka Bukoba, katika utulivu. Mwaka 1892, baada ya Wakatoliki kushindwa katika vita vya dini vya Buganda, Mapadre Weupe chini ya Askofu Hirth walikuja kusini na kuanzisha misheni ya Kashozi. Uislamu ulipita njia nyingine, pamoja na wafanyabiashara waliopiga kambi Kafuro, Karagwe. Uhasama wa Buganda ulikuwa na kila sababu ya kuhamia huku. Naamini ulikosa pa kushika kwa sababu ulikuta jamii iliyokwisha kufungamana kwa ukoo na kibanja, yaani shamba la migomba la familia.

Mhaya akibadili dini habadili ukoo. Muziro wake, yaani mwiko wa ukoo, unabaki uleule, na urithi wake wa kibanja ni shauri la ukoo. Ndiyo maana, kutoka Rwamishenye kwenda Muleba, waweza kukuta chini ya migomba ileile kaburi lenye msalaba na, hatua chache kando, kaburi la Mwislamu aliyelazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla. Ni watu wa tumbo moja. Penye arusi au msiba, mbuzi huchinjwa na Mwislamu hata kama wenye shughuli ni Wakatoliki watupu, ili wajomba na mashemeji wote wale bila wasiwasi. Rubisi, pombe ya ndizi, ina upande wake. Hakuna kamati iliyoagiza hayo.

Wapo wanaoipa dola ya Mwalimu Nyerere sifa zote za amani hii. Dola ilifanya kazi kubwa: Sheria ya Elimu ya 1969, iliyozifanya shule za misheni kama Ihungo kuwa za serikali, iliwafungulia mlango vijana wa Kiislamu walioachwa nyuma na mfumo wa kikoloni. Dhuluma ile isingeondolewa kwa kula sahani moja. Lakini kabla ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Bukoba, wengi wao Wakristo, walikuwa tayari wakimfuata Ali Migeyo, Mwislamu wa chama cha Tanganyika African Association (TAA), hadi Waingereza wakamfunga.

Amani hiyo ina mipaka. Februari 2013 mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja ulisababisha kifo cha mchungaji huko Buseresere, Geita. Mwaka 2015 makanisa kadhaa yakachomwa moto Bukoba kwenyewe. Ukoo haukuweza kuyazuia hayo, na uwezo wake unazidi kupungua pembezoni mwa mji kama Rwamishenye, ambako vibanja vinakatwa viwanja na kuuzwa kwa watu wasio na babu mmoja. Majirani hao huunganishwa zaidi na vyama vya kufa na kuzikana, ambamo mchango wa msiba hutolewa bila kuuliza marehemu alisali wapi. Tafiti za amani zimevipuuza mno, zikikimbilia mikutano ya maaskofu na masheikh. Anayetaka kujua kama ujirani huu utadumu aanze na daftari la mweka hazina wa mtaa: nani bado anachanga, nani ameacha, na kwa nini.