Wazee Wetu Walitoka Wapi? Kutafuta Nasaba Katika Nyaraka za Serikali



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wanafunzi wetu wa madrasa hapa Bujumbura mara kwa mara hutuuliza: "Maalim, sisi wa Buyenzi asili yetu ni wapi?" Nyumbani wamesikia Ujiji, Bagamoyo, Unguja au Manyema, basi. Kila anapofariki mzee mmoja, Allah amrehemu, sehemu ya jibu huzikwa naye. Kwa hiyo tumeona ni vyema tuzungumzie hazina ambayo familia nyingi hazijaigusa: nyaraka za serikali.

Kuandika ni katika dini yetu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Waislamu wa pwani walilifuata hilo. Waliandika mauzo ya mashamba, madeni ya misafara, wakfu za misikiti na wasia. Baadhi ya karatasi hizo zipo mpaka leo.

Ziko wapi?

Historia yetu imegawanyika kwa sababu watawala walibadilika. Burundi na Rwanda zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mpaka 1916, Wabelgiji walipoingia, nao wakabaki mpaka uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Kwa hiyo anayemtafuta babu wa babu yake itambidi abishe hodi milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa za Tanzania zimehifadhi majalada ya utawala wa Kijerumani, nayo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Aliyekuwa askari, tarishi au mfanyabiashara aliyekwenda na kurudi kati ya Ujiji na Usumbura anaweza kuwa ametajwa humo.

Mlango wa pili ni Zanzibar. Jumba la Nyaraka liko Kilimani, na lilianzishwa mwaka 1956. Mna barua na hati za Kiarabu za zama za Masultani, kesi za makadhi, na karatasi za wakfu. Mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu nao uliingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2003. Misafara mingi iliyofika Ujiji na Manyema ilianzia kwenye mikopo iliyoandikwa Unguja.

Mlango wa tatu ni Brussels. Nyaraka za utawala wa Kibelgiji zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, kisha zikahamishiwa Nyaraka za Dola za Ubelgiji. Wenye jamaa Ulaya wanaweza kuwaomba wawasaidie.

Ufunguo walio nao watoto wetu

Hapa tunawausia wanafunzi wetu. Barua nyingi za zamani, hata za Kiswahili, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wasomi wengi wa leo hawawezi kuzisoma, lakini mtoto aliyehitimu madrasa ana mwanzo mzuri. Ajue tu kwamba waandishi wa zamani waliandika sauti za Kiswahili kwa herufi walizokuwa nazo. Aghalabu "p" iliandikwa kwa "b", na "mb" nayo ikabaki "b" peke yake. Kwa hiyo jina lisomwe kwa subira, na lilinganishwe na majina mengine ya karatasi hiyo hiyo.

Wazungu nao waliandika walivyosikia. Ujiji kwa Mjerumani ni "Udjidji". Juma kwa Mbelgiji ni "Djuma", na Rajabu ni "Radjabu". Ukitafuta kwa tahajia moja tu, unaweza kumpita babu yako bila kumjua.

Kuna na jambo la tarehe. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo miaka 33 ya Miladia ni kama 34 ya Hijria. Mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882. Mzee aliyeishi miaka 63 ya Hijria ameishi kama 61 tu ya Miladia. Mkipuuza hilo, hesabu za umri zitagongana, na mtadhani mzee alisema uongo.

Karatasi nayo ni shahidi

Maulamaa wa hadithi walimchunguza kila mpokezi: ni nani, alikutana na nani, kumbukumbu yake ikoje, ana maslahi gani. Sisi nasi tuichunguze karatasi hivyo hivyo. Ofisa wa kikoloni alikuwa anatafuta kodi na utulivu, hakuwa anatafuta nasaba yetu. Aliandika "Manyema" kwa watu wa makabila mengi waliotoka mashariki ya Kongo, na "Mswahili" kwa karibu kila Muislamu wa mjini. Msifute masimulizi ya bibi kwa sababu ya neno moja la ofisa. Yawekeni mawili hayo pamoja, na pale yanapokubaliana mtakuwa mmepata msingi.

Ikitoka habari nzito

Tuseme ukweli. Kinachowafanya wengi waogope kutafuta ni kukuta kwamba babu alikuwa mtumwa, au kwamba alikuwa anauza watumwa. Zanzibar sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Watu wa zama hizo si wa mbali, ni mababu wa wazee wetu.

Ndugu zetu, hapana aibu katika kudhulumiwa. Nafi', ambaye Imamu Malik alipokea kwake hadithi za Ibn Umar, alikuwa mtumwa wa Ibn Umar aliyeachwa huru, na vitabu vya wapokezi vinamtaja hivyo bila kuficha. Bilal (R.A) hatuna haja ya kumweleza. Aibu ni kujitungia nasaba ya uongo ili tuonekane wa ukoo fulani, na Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu wanasibishwe na baba zao. Na aliyekuta babu yake alikuwa mwenye kudhulumu, amuombee maghfira, wala asiwadharau majirani waliotokana na waliodhulumiwa. Huenda wanaswali safu moja.

Pia tuchunge siri. Karatasi ya talaka au ya kesi ya familia nyingine si ya kusomwa barazani. Na karatasi ya zamani haimfanyi mtu kuwa mrithi papo hapo. Mambo ya mirathi na viwanja yapelekwe kwa masheikh na vyombo vya sheria.

Tuanze na lipi?

Kabla ya safari yoyote, kaeni na wazee wiki hii. Andikeni majina matatu kwenda juu, mji, mtaa, kazi, na msikiti waliokuwa wakiswali. Bila hayo, mtunza nyaraka hawezi kukusaidia. Ulizieni mapema kibali cha utafiti, maana mgeni huhitaji. Chukueni kitambulisho na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino mara nyingi hairuhusiwi. Na kila mnachonakili, nakilini na namba ya jalada, ili mwingine aweze kulithibitisha. Hiyo ndiyo isnadi yenu.

Tunamuomba Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atujaalie kuwa watu wa ukweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.