Bwana Shamba Alipoikuta Ngoro

Umatengo, yaani milima ya Wamatengo huku Mbinga, kusini mwa Tanzania, ulikuwa na wataalamu wa kilimo kabla ya serikali yoyote kuleta bwana shamba. Nalisema hili kwa sababu historia ya kahawa ya Mbinga imezoeleka kusimuliwa upande mmoja: mtaalamu alipanda mlima na elimu yake, mkulima akaipokea. Mimi ni binti wa wakulima wa kahawa na nina mibuni yangu upande wa Litembo. Nilivyoona mimi, kahawa ilistawi miaka ile ambayo mtaalamu alikuwa tayari kufundishwa, ikadorora kila alipotoa maagizo na kuondoka.

Wazee wetu hawakuchagua kulima kwenye miteremko hii. Vita vya Wangoni vya karne ya 19 viliwasukuma milimani, watu wengi kwenye ardhi finyu iliyosimama kama ukuta, na mvua ya huku haina huruma. Hapo ndipo ngoro ikawa uhai wetu. Mvua zikielekea kupungua, mwezi wa Machi hivi, wanaume hufyeka majani. Yakishanyauka hupangwa kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima ugawanyike viraba vya karibu mita moja na nusu au mbili kila upande. Kisha wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila kiraba na kuyafukia yale majani. Katikati linabaki shimo, pande zote nne linabaki tuta lenye mbolea ndani yake. Maharage hupandwa kwanza juu ya matuta, mahindi hufuata mwishoni mwa mwaka, kisha shamba hupumzishwa. Mvua ikipiga, maji hutuama shimoni na udongo wake, yakazama taratibu badala ya kuporomoka hadi mtoni.

Maofisa wa Kiingereza walipopanda huku walikuta tatizo lililowasumbua kwingine kote limekwisha kutatuliwa. Mwaka 1938 mmoja wao, A. H. Pike, alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Linganisha na milima ya Uluguru. Kule serikali iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi, jasho likawa jingi na faida haikuonekana, na mwaka 1955 wananchi wakachachamaa mpaka mpango ukavunjika. Mtu anayetaka kujua tofauti ya kumsikiliza mkulima na kumwamrisha, namwomba aisome milima hii miwili pamoja.

Kahawa ya arabika ilianza kupandwa huku miaka ya 1920. Ilikuwa ngeni, na hapo ni haki kusema tulimhitaji bwana shamba. Yeye ndiye aliyejua kitalu kinavyotiwa kivuli, mbuni unavyopogolewa, maotea yanavyoondolewa ili nguvu iende kwenye matunda. Utafiti ulikuwa mbali, Lyamungo kule Kilimanjaro, kituo kilichoanzishwa miaka ya 1930. Huko ndiko zilikochaguliwa N39 na KP423, mbegu ambazo mkulima wa makamo wa Mbinga huzitaja kama anavyotaja wanawe. Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, baadaye kikashika na kahawa.

Lakini mbuni haukuingia kwenye ardhi tupu. Kila ukoo ulikuwa na ntambo yake, yaani kipande cha mlima kati ya vijito viwili, kuanzia kileleni hadi bondeni. Juu msitu wa kuni, kwenye miteremko ngoro, chini bustani za mboga. Kahawa ikapewa nafasi kuzunguka nyumba, ambako mbolea ya ng'ombe na majivu ya jikoni hayasafiri mbali. Mpangilio huo ni wa wakulima wenyewe. Na fedha ya kahawa ikaanza kununua mbolea ya mahindi, karo, mabati, na hata dagaa waliopandishwa kwa vikapu kutoka Mbamba Bay na Liuli, kwa maana ufukweni mwa Ziwa Nyasa joto haliruhusu arabika, na watu wa huko walihitaji maharage yetu.

Ugonjwa ndio uliotufunganisha zaidi na wataalamu. Chule buni, uliotambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922 na kuingia nchini miaka ya 1960, hushambulia tunda likiwa bado bichi. Huanza kama doa dogo jeusi lililodidimia. Doa hupanuka, tunda likanyauka na kuwa jeusi tii, na mara nyingi halidondoki. Hubaki limeng'ang'ania tawi na kuwaambukiza wenzake. Tiba iliyokuwapo ilikuwa mrututu, tena kwa kurudia. Nakumbuka baba akichanganya dawa ile ya buluu kwenye pipa, mabega yake yamepakwa rangi na bomba la mgongoni.

Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa mmea. Kwa kaya ulikuwa na pengo. Upigaji dawa uliangukia msimu uleule wa palizi ya mahindi. Baba alihitaji maji, ndoo kwa ndoo kutoka mtoni, na mchotaji alikuwa mama, ambaye wakati huohuo mahindi yake yalikuwa yanamezwa na magugu. Kwenye mafunzo aliitwa mwenye kahawa, yaani mwanamume. Mama hakuitwa hata siku moja, ilhali ndiye aliyekuwa akichuma na kuchambua, hivyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona doa. Taarifa aliyohitaji bwana shamba ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye yeye hakumuuliza.

Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na pembejeo zikawa za mkopo unaokatwa wakati wa mauzo. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 mkopo ule ukafa. Bei ilipanda kidogo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka dunia nzima. Mibuni ikaachwa bila dawa, bila kupogolewa. Hapo ndipo magoma yaliposhamiri: kahawa inauzwa ikiwa bado mtini, kwa bei ya njaa, kwa mwenye fedha taslimu. Mtu aliyekwisha kuuza mavuno ya Julai mwezi wa Januari hana sababu ya kumsikiliza mtaalamu yeyote, na simlaumu.

Katika miaka hiyohiyo ngumu walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Walipima ngoro, udongo wake na maji yake, na wakakaa na wazee wakajifunza sengu, ule utaratibu wa zamani wa kula pamoja na kuamua mambo ya ukoo. Kule Kindimba kamati ya kijiji ikachukua jina hilo la Sengu, na ikasimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Ninathamini sana kwamba walianza na mashine ya kusaga. Mwanamke asiyetembea na debe la mahindi kutwa nzima anapata saa za kuwa shambani.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001, na kituo chake cha Ugano kiko humuhumu Mbinga. Kuanzia mwaka 2005 ilitoa mbegu mpya zinazostahimili chule buni na kutu ya majani. Miche haikuwa mingi, na hapo taasisi ikafanya jambo la busara: ikavipa vikundi vya wakulima bustani mama, ili vikate vikonyo na kuotesha vyenyewe. Wengi wetu tulijifunza pia kubebesha mbegu mpya juu ya shina la zamani. Kwa ruhuka, mdudu anayetoboa tunda na kuzaliana ndani ya buni, dawa kubwa ni usafi: okota buni zilizodondoka, usiache punje juu ya mti baada ya mavuno. Kazi hiyo hujadiliwa kwenye shamba darasa, na siku hizi wanawake tumo. Tunashika tawi, tunahesabu matunda yaliyotobolewa, tunabishana na bwana shamba kuhusu mwezi wa kuanza. Naye, akiwa kijana mwenye adabu, huandika.

Tangu mwaka 2018 kahawa inapitia tena vyama vya msingi na mnada, na magoma yamepigwa marufuku ingawa hayajaisha. Ninachodai sasa ni mabwana shamba zaidi, wenye pikipiki na mafuta, na ratiba inayopangwa pamoja na sisi kabla ya palizi.