Haramia na Manowari katika Bahari ya Hindi

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo yameishi pamoja kwa muda mrefu katika vinywa vya watu wa pwani: haramia na manowari. La kwanza tumelipata kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno haramu. Maana yake ni mtu anayepora mali ya wenziwe kwa nguvu, hasa baharini. La pili tumelipata kwa mabaharia wa Kiingereza, ambao waliziita hivyo meli zao za vita, na wazee wetu wakalitamka jina hilo kwa namna iliyofaa ndimi zao. Maneno haya yanatukumbusha kwamba mapambano ya meli za vita na wanyang'anyi wa baharini si jambo geni kwetu.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi uharamia wa siku hizi ulivyozuka katika pwani ya Somalia, jinsi manowari za mataifa mengi zilivyopambana nao, na kwa nini tunaamini kwamba manowari peke yake haziwezi kuilinda bahari.

Doria za Zamani

Tukitazama nyuma tutaona kwamba aghalabu wenye nguvu ndio waliojipa haki ya kuamua nani aitwe haramia. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliiteka meli iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka, akaipora, kisha akaichoma moto pamoja na mamia ya watu waliokuwamo. Lakini kwao Ureno aliendelea kuitwa shujaa. Mwaka 1819 Uingereza ilipeleka jeshi la majini kuushambulia mji wa Ras al-Khaimah katika Ghuba ya Uajemi, kwa hoja kwamba watu wa kabila la Qawasim walikuwa maharamia, na mwaka 1820 masheikh wa pwani ile wakatia sahihi mkataba. Mwaka 1986 Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah na mwanahistoria, alichapisha kitabu cha kuipinga hoja hiyo, akisema kwamba shabaha ya Waingereza ilikuwa biashara.

Hata doria zilizokuwa na shabaha njema zilikuwa na kasoro zake. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilizunguka kati ya Zanzibar na Bara Arabu zikiwinda majahazi yaliyochukua watumwa. Mabaharia wake walilipwa tuzo kwa kila chombo walichokikamata, na kwa hiyo majahazi mengine ya biashara halali nayo yaliteketezwa. Tena doria hizo ziliendelea kwa miaka mingi bila ya kuikomesha biashara ile. Pigo kubwa lilitoka nchi kavu: mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Hili ni somo la kwanza, nalo litatufaa mbele.

Chanzo cha Uharamia wa Somalia

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991. Tangu hapo nchi yenye pwani ya zaidi ya kilomita 3,000 ikakaa bila ya jeshi la majini, bila ya mahakama zenye nguvu na bila ya mamlaka ya kutoa leseni za uvuvi. Meli za kigeni ziliingia kuvua zitakavyo, zikikokota nyavu kubwa karibu na pwani na kuharibu zana za wavuvi wadogo. Palikuwa pia na malalamiko ya kutupwa taka za sumu, na baada ya mawimbi makubwa ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 wakazi wa pwani walieleza kwamba baadhi ya taka hizo zimetupwa ufukweni na bahari.

Baadhi ya wavuvi walishika silaha, wakazikamata meli zile na kuzitoza walichokiita faini. Dai lao la mwanzo lilikuwa na haki ndani yake, wala si vema kulificha. Lakini haifai pia kuficha lilivyogeuka. Upesi walitokea matajiri waliotoa fedha za mashua na silaha, wakalimani wa kupatana bei na walinzi wa kukodi. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 fidia zilizolipwa zilikuwa kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia mikononi mwa waliogharimia safari. Vijana waliohatarisha maisha yao baharini walipata kidogo.

Kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha acha njia ya kuwatetea wavuvi lilionekana Juni 2005, ilipotekwa meli iitwayo Semlow. Ilikuwa imetoka Mombasa, imekodiwa na Mpango wa Chakula wa Umoja wa Mataifa, nayo imebeba tani 850 za mchele kwa ajili ya Wasomali walioathirika kwa tsunami. Nahodha wake alikuwa mtu wa Sri Lanka, na mabaharia wake walikuwa Wakenya pamoja na Mtanzania mmoja. Watu hao walizuiliwa kwa muda wa siku mia hivi. Basi haramia aliyesema anawalinda watu wake alikuwa ameuteka mchele wa watu wake, na aliowafunga walikuwa wafanyakazi maskini kutoka bandari jirani.

Wenye Kasi na Wenye Nguvu

Mbinu za maharamia hawa zilikuwa nyepesi. Walitumia mashua ndogo zenye injini za kasi, ngazi yenye kulabu, bunduki na makombora ya begani. Ili wafike mbali waliteka majahazi na meli za uvuvi, wakazifanya meli mama za kubebea mashua, mafuta na chakula. Hata hivyo nao walitawaliwa na pepo zile zile zilizowatawala manahodha wa majahazi tangu kale. Kusi inapovuma kwa nguvu, bahari huchafuka na mashua ndogo hubaki pwani. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika na bahari kutulia, mashambulizi yaliongezeka.

Mwaka 2008 ulimwengu ulishtuka. Mwezi Septemba ilitekwa meli ya Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na shehena ya vifaru 33. Mwezi Novemba ikatekwa Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudi Arabia yenye mapipa kama milioni 2, mamia ya maili kutoka pwani ya Kenya. Tarehe 2 Juni mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 1816, lililoziruhusu manowari za kigeni, kwa idhini ya serikali ya mpito ya Somalia, kuingia katika maji ya nchi hiyo kuwafuata maharamia. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianza doria iliyoitwa Atalanta. Mwaka 2009 zikafuata doria za NATO na za kikosi cha mataifa kilichoongozwa na Marekani. China, India, Urusi, Japani na Korea ya Kusini nazo zilipeleka manowari. Katika Ghuba ya Aden iliwekwa njia maalumu, na meli za biashara zikapita humo kwa makundi chini ya ulinzi.

Lakini bahari ni pana. Manowari iendayo maili 25 kwa saa, ikiitwa na meli iliyo umbali wa maili 100, itachukua saa 4 kufika. Na maharamia huweza kupanda melini katika muda usiozidi nusu saa. Helikopta hupunguza muda huo, lakini mabaharia wakisha kuwa mateka, bunduki za manowari hupoteza nguvu. Aprili 2009 Wamarekani walimwokoa nahodha wa Maersk Alabama, meli iliyokuwa ikileta chakula cha msaada Mombasa, baada ya kuwaua kwa risasi maharamia watatu. Januari 2011 Wakorea waliikomboa Samho Jewelry na kuwaua maharamia wanane, lakini nahodha alijeruhiwa vibaya. Machi 2011 manowari za India ziliikamata Vega 5, meli ya uvuvi ya Msumbiji iliyokuwa imegeuzwa meli mama, zikawakamata watu 61 na kuwaokoa mabaharia 13.

Mengine yaliishia msibani. Novemba 2008 manowari ya India ilikizamisha chombo ilichodhani ni cha maharamia, ikasema imefanya hivyo kwa kujihami. Baadaye ilijulikana kwamba kilikuwa meli ya uvuvi ya Thailand iliyokuwa imetekwa, na mabaharia wake walikuwamo. Mmoja tu ndiye aliyeokotwa hai baharini. Februari 2012, karibu na Kerala, askari wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta waliwapiga risasi na kuwaua wavuvi wawili wa Kihindi. Kwa mbali mvuvi na haramia hufanana: mashua ni ile ile, na jua lililowachoma ni lile lile. Kwa hiyo mvuvi wa Bahari ya Hindi alikuwa na hofu mbili, ya kutekwa na haramia na ya kudhaniwa kuwa haramia.

Baada ya Kukamata

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unairuhusu nchi yoyote kumkamata haramia katika bahari kuu na kumshtaki katika mahakama zake. Haki hiyo ilikuwako, ila nchi nyingi zilizokuwa na manowari hazikupenda kuitumia, na mara nyingi watuhumiwa walinyang'anywa silaha na kuachiwa waende zao. Mzigo ukaziangukia nchi za jirani. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 waliokuwa wamekamatwa na manowari ya Marekani, kila mmoja kifungo cha miaka 7. Baadaye Kenya ilifanya mapatano na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya ya kuwapokea watuhumiwa, na mwaka 2010 ikafunguliwa mahakama yenye ulinzi mkali katika gereza la Shimo la Tewa. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya nchi. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Shelisheli nayo iliendesha kesi nyingi, na Tanzania iliirekebisha sheria yake mwaka 2010. Chini ya mwongozo uliokubaliwa Djibouti Januari 2009, vituo vya kupashana habari viliwekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a.

Tunaona fahari kwamba mataifa yetu hayakuikwepa kazi hiyo. Hata hivyo yafaa tujiulize: kama haki ya kukamata ni ya wote, kwa nini kazi ya kuhukumu na kufunga iwe ya wachache, tena wasio matajiri?

Kupungua na Kurudi

Mwaka 2011 mashambulizi yaliyohesabiwa kuwa ya maharamia wa Kisomali yalikuwa 237. Mwaka 2012 yalikuwa 75, na mwaka 2013 yalikuwa 15. Doria zilisaidia sana. Zilisaidia pia seng'enge zilizozungushiwa meli, walinzi wenye silaha waliowekwa melini, na vifungo vya mahakamani. Lakini jambo lililotokea kabla ya doria zile halifai kusahauliwa. Katika nusu ya pili ya mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu ulitawala sehemu kubwa ya kusini ya Somalia na kuupiga marufuku uharamia, nao ukapungua mno katika sehemu hizo. Muungano ulipopinduliwa mwishoni mwa mwaka huo, uharamia ulirudi. Hatutaji habari hii ili kusifu utawala ule, bali kuonyesha kwamba mamlaka ya nchi kavu, yanapokuwako, hufika mahali ambapo mizinga haifiki.

Ushahidi mwingine ulikuja baadaye. NATO iliondoa doria yake mwaka 2016, na ruhusa ya Umoja wa Mataifa ya kuingia katika maji ya Somalia ilikwisha Machi 2022. Mwishoni mwa mwaka 2023, manowari nyingi zilipokuwa zimeelekea kwenye vita vya Bahari ya Sham, maharamia walitokea tena. Meli ya Ruen ilitekwa Desemba 2023, ikakombolewa na wanamaji wa India tarehe 16 Machi 2024. Mabaharia 17 waliokolewa na maharamia 35 wakajisalimisha. Ilidhihirika kwamba ugonjwa ulikuwa umetulizwa tu, haukupona.

Hitimisho

Wahenga wetu walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Somalia ulikuwa pwani yenye samaki wengi isiyo na wa kuilinda; ukuta uliojengwa ulikuwa msururu wa manowari za gharama kubwa kutoka kila pembe ya dunia. Manowari hizo ziliokoa maisha ya watu wengi, na mabaharia wa Semlow wangeshukuru kama zingekuwako mwaka 2005. Lakini manowari humfuata haramia akiwa tayari baharini. Kinachomzuia asitoke ni mambo ya pwani: leseni ya uvuvi inayoheshimiwa, mahakama isiyonunuliwa, askari wa forodha anayelipwa mshahara wake, na kijana mwenye kazi ya halali.

Nchi zetu nazo zina bahari. Sheria inatupa haki ya rasilimali hadi maili 200 kutoka ufukweni, na haki hiyo ni wajibu pia. Mwalimu anapowafundisha wanafunzi wake habari za maharamia, asiishie kwenye milio ya bunduki. Awaulize ni nani anayevua leo katika maji yetu, kwa leseni ya nani, na mvuvi wa Kilwa au wa Lamu anapata nini. Taifa linaloweza kuyajibu maswali hayo limekwisha anza kuilinda bahari yake.