Zebaki, Marudio na Taka Hatarishi: Maneno ya Machimbo ya Dhahabu na Kazi ya Halmashauri

Makusudio ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya maneno machache yatumikayo katika eneo la dhahabu la Geita na Shinyanga, hasa yale yahusuyo vitu vya sumu viingiavyo majumbani mwa watu. Tumeyachagua kwa sababu yanapita mikononi mwa watu wa aina tatu: mchimbaji aliyeyabuni au kuyapokea, mfasiri anayeyaandika katika sheria na mikataba, na mtumishi wa halmashauri anayepaswa kuyasema mbele ya mkutano wa kijiji. Maneno hayo yasipokubaliana, mwenye kuumia si mfasiri.

Kwanza yafaa tukumbushe habari za mahali penyewe. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi ya utawala wa Wajerumani. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Upande wa Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu mwezi Agosti 1996, na mgodi wa kampuni ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo msomaji wa nyaraka za zamani asishangae kuiona Geita ikihesabiwa Mwanza na Bukombe ikihesabiwa Shinyanga. Kahama imebaki Shinyanga.

Baina ya kufungwa kwa mgodi wa zamani na kufunguliwa kwa ule mpya, na hata baadaye, wachimbaji wadogo wameendelea kufanya kazi, nao wamejenga msamiati wao. Shimo la kuchimbia huitwa duara. Mashine ya kusagia mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu ni mwalo, neno ambalo wakazi wa kando ya Ziwa walikuwa nalo tayari kwa mahali mitumbwi inapotia nanga. Mchanga uliokwisha kuoshwa huitwa marudio. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha maneno haya, lakini yanaeleweka kutoka Rwamagasa hadi Kakola.

Zebaki na kitenzi kuchoma

Neno zebaki lina asili ya Kiarabu, nalo limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Kwa muda mrefu lilikuwa neno la shule na hospitali, likihusishwa na kipimajoto. Baadhi ya vitabu vya shule vililitumia pia kwa sayari iliyo karibu zaidi na jua, kwa kuwa katika Kiingereza sayari na madini hayo vina jina moja. Kiswahili kilikuwa na jina lake, Utaridi, na hapakuwa na sababu ya kukopa mkanganyiko wa lugha nyingine. Kosa hilo halikumdhuru mtu. Huko machimboni mambo ni tofauti.

Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu na kufanya donge laini lenye rangi ya fedha. Donge hilo huwekwa juu ya moto, zebaki ikageuka mvuke na kutoweka, dhahabu ikabaki. Kazi hiyo huitwa kuchoma dhahabu. Tukilitazama neno hili kwa makini tutaona kwamba zebaki haimo ndani yake. Kinachotajwa ni kile kinachobaki katika sufuria, na kile kinachoondoka kuingia katika mapafu ya mchomaji hakina nafasi katika sentensi. Mtu aliyezoea kusema hivyo si rahisi kuuliza zebaki imekwenda wapi.

Tatizo hili huzidishwa na tafsiri za maonyo. Kumwambia mtu asivute moshi wa zebaki si sahihi, maana mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Moshi anaouona ni wa mkaa, na mkaa ukishika vizuri moshi haupo, kwa hiyo huona kwamba hatari imekwisha. Neno mvuke nalo humkumbusha chungu cha maji yanayochemka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imeachwa wazi katika joto la kawaida la nyumba. Mvuke ukipoa hutua juu ya paa, juu ya vyombo na juu ya udongo ambao watoto huchezea. Madhara yake ni kutetemeka mikono, kupotewa na kumbukumbu na kuharibika kwa figo. Ikifika majini hubadilika na kuingia katika samaki, kama ilivyotokea Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956.

Kwa sababu hizi tunapendekeza kwamba katika maandishi rasmi isemwe kuvukiza zebaki, na maonyo yataje waziwazi mvuke usioonekana. Ama kuhusu chombo kilichofungwa ambacho huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, wataalamu wameleta jina la ritoti. Chombo hicho kilifundishwa Rwamagasa katika mradi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa uliofanyika katika nchi sita, Tanzania ikiwemo, tangu mwaka 2002 hadi 2007. Ritoti ni neno lisilomwambia mchimbaji kitu. Kama tulivyopata kipimajoto, tungeweza kupata kinasazebaki, jina lenye kueleza kazi ya chombo na faida yake pia, kwani zebaki iliyonaswa hutumika tena na haimlazimu mtu kununua nyingine.

Makazi ni wapi?

Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki ulipitishwa mwezi Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake cha tatu kinataja matendo manne yanayopaswa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa bila kuyachambua kwanza, kuvukiza zebaki mahali pa wazi, kuivukiza katika maeneo ya makazi, na kutumia sayanaidi juu ya mchanga uliotiwa zebaki bila kuiondoa kwanza.

Maeneo ya makazi ni tafsiri sahihi. Lakini mtumishi wa serikali akisoma makazi huwaza viwanja vilivyopimwa na nyumba zenye namba. Kambi ya wachimbaji, iliyoota kwa wiki mbili baada ya habari za dhahabu kuenea, ina mahema ya turubai, mama lishe, maduka na watoto, wala haimo katika ramani yoyote. Je, hayo ni makazi? Kwa sheria jibu laweza kubishaniwa. Kwa mapafu ya mtoto halibishaniwi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na matumizi ya zebaki yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoelezwa humo. Mtungaji wa sheria ndogo za halmashauri angefanya vema kuandika: mahali popote watu wanapolala au kupika. Maneno ni mengi zaidi, lakini hayaachi mwanya.

Taka isiyokuwa taka

Sasa tuje kwenye neno marudio. Katika maandishi ya kitaalamu mchanga uliokwisha kuoshwa huhesabiwa kuwa mabaki au taka. Kwa mchimbaji ni mali. Jina lenyewe linaonyesha kwamba ni kitu cha kurudiwa: huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, nao hupata humo dhahabu ambayo zebaki haikuikamata. Rundo la marudio nyuma ya nyumba ni akiba, kama vile mwingine awekavyo mahindi ghalani. Ofisa anayewaambia watu waondoe taka hizo haeleweki, kwa kuwa wao hawaoni taka. Yafaa aseme marudio yenye zebaki, atumie jina lao na kuongeza kile wasichokitaja.

Maneno ya serikali nayo yana matatizo yake. Taka ngumu ni istilahi iliyokwisha kukaa, ingawa nyanya iliyooza haina ugumu wowote. Taka hatarishi imejengwa vizuri kutokana na kitenzi hatarisha, lakini haielezi ni hatari ya namna gani. Wananchi husema taka za sumu, na kila mtu huelewa. Zaidi ya hayo, maneno haya mawili yamegawanya kazi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka ngumu ni jukumu la serikali za mitaa, lakini vibali vya kushughulikia taka hatarishi hutolewa katika ngazi ya taifa. Betri, kipimajoto kilichovunjika, kopo la dawa ya pamba na kitambaa kilichokamulia zebaki hutoka katika nyumba moja na kuingia katika pipa moja. Bwana afya wa kata anapolitazama pipa hilo hukuta taka za namna mbili, naye amekabidhiwa namna moja tu.

Kwa upande huu tunayo tafsiri moja ya kusifiwa. Sheria ya kemikali ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, inajulikana kwa Kiswahili kuwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani. Jina la Kiingereza lilitaja watumiaji; mfasiri akataja mahali. Kwa neno hilo moja sheria iliingia jikoni. Tungependa kuona neno taka za sumu za majumbani likipata nafasi kama hiyo katika sheria ndogo za halmashauri, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Biashara ya kijani na mfano wa ngitili

Siku hizi halmashauri zinahimizwa kukuza biashara za kijani. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi kinachoomba fedha za kutengeneza mkaa mbadala hujieleza bila taabu, kwa sababu mkaa mbadala ni jina la kitu kinachoshikika. Biashara ya kijani ni rangi tu, na msikilizaji asiyefafanuliwa anaweza kudhani anahimizwa kuuza mchicha. Fundi anayetengeneza vinasazebaki hataona kwamba tangazo hilo linamhusu, kumbe linamhusu kuliko wengi.

Shinyanga ina mfano bora. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukubuni istilahi mpya ya eneo la malisho linalofungwa ili lipone. Ulichukua neno la Wasukuma, ngitili, ambalo wazee walilijua pamoja na kanuni zake. Maelfu ya hekta yaliota tena, na leo ngitili limo katika maandishi ya misitu kama neno la Kiswahili. Vilevile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa maneno matatu ambayo hayakuhitaji kamusi.

Kwa kumalizia, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa halmashauri wafanye jambo moja dogo. Kabla ya kuandika onyo, sheria ndogo au somo juu ya zebaki, waende mwaloni wakasikilize kazi hiyo inavyosemwa, kisha wayachukue maneno yale na kuyaongezea kilichopungua. Kuchoma dhahabu kutaendelea kusemwa, kwani ni neno la watu na limekwisha kuzoeleka. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba anayelisikia anajua pia ni nini kinachotoka motoni, na kwamba asilifanye karibu na mahali mtoto amelala.