Sarafu kuukuu za Kapkatet: Kuzing'arisha ni kuziharibu

SI ajabu, katika maboma ya wakulima wa chai wanaouzunguka mji wa Kapkatet, kaunti ya Kericho, kukuta kopo la zamani lenye sarafu zilizotobolewa tundu katikati. Watoto huzichezea; wakubwa nao, kwa nia njema, huzisugua kwa majivu zipate kung'ara. Kila anayefanya hivyo huharibu kitu kisichoweza kutengenezwa upya.

Ukusanyaji wa sarafu una matawi mengi, na kanuni za tawi moja hazifai katika jingine. Lipo tawi la sarafu za ukumbusho zilizobanwa. Mtalii hutia senti katika mashine, akazungusha mpini, na vyuma viwili vya mviringo vikaibana hadi ikawa bapa na ndefu, yenye picha ya mahali alipotembelea. Desturi hiyo ilianza Chicago, Marekani, katika maonyesho makubwa ya 1893. Wapenzi wake huzitafuta senti za Marekani za kabla ya 1982, maana zilizofuata ni zinki iliyopakwa shaba, nazo zikibanwa hutoa michirizi ya kijivu. Hapa sarafu huharibiwa ili kumbukumbu izaliwe.

Kwa sarafu kuukuu, kanuni ni kinyume chake: thamani imo katika kubaki kama zilivyo.

Senti zenye tundu zilianza kutolewa 1907, wakati fedha ya Kenya na Uganda ilikuwa rupia. Tundu lilirahisisha kuzitunga katika uzi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na kufikia 1921 shilingi ilikuwa imechukua nafasi ya rupia. Hivyo, makampuni yalipoanzisha mashamba makubwa ya chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, fedha iliyotumika ilikuwa shilingi, thumuni na ndururu. Shilingi na thumuni za kabla ya 1948 zina robo ya fedha halisi. Zilizofuata ni mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Senti za 1936 zina kisa cha pekee. Baadhi ya zile za tano na za kumi zimeandikwa jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo kabla ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe haikupata kutoa sarafu za matumizi zenye jina lake. Hata hivyo, zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki zilikuwa nyingi, na kwa sababu hiyo bei yake ni ndogo. Ukongwe peke yake hauleti utajiri. Uhaba na hali ya sarafu ndivyo huamua.

Benki Kuu ya Kenya iliundwa 1966, na sarafu zake zikabeba sura ya Mzee Jomo Kenyatta, kisha ya Daniel arap Moi kuanzia 1980. Mwaka 2003 ilitolewa ya shilingi 40, yenye sura ya Mwai Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku sura ya mtu yeyote, na Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu.

Anayetaka kuhifadhi asisugue wala asitumie asidi. Aishike sarafu kwa ukingo, kisha aiweke katika bahasha ya karatasi mahali pakavu, kwani unyevu wa nyanda za chai hulea kutu. Juu ya bahasha aandike ilitoka kwa nani na lini. Aidha, ajihadhari na mnunuzi anayeahidi mamilioni lakini kwanza anadai ada: mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi.

Ndururu ya babu huenda isifikie bei ya kilo chache za majani chai. Lakini ikishapondwa au kusuguliwa, hata hicho kidogo hakipo, na ushahidi wa ujira wake umepotea.